Muhuri, kibali, ndoa, hifadhi au kudai uraia: njia ipi kwa asiye na karatasi Arusha na Moshi

Kutoka Arusha mjini hadi Namanga ni kama kilomita 110, na kutoka Moshi hadi Holili, ukikata kona pale Himo, hata saa moja haiishi. Ukaribu huo ndio unaoleta watu, na ndio unaowadanganya: mpaka ukiwa jirani, makaratasi huonekana jambo la kesho. Siku ya msako, mwalimu wa Kikenya wa shule binafsi huko Sakina, fundi wa Kirundi wa Pasua, mama wa Taveta aliyeolewa Rombo na kijana aliyezaliwa Longido kwa mama wa Kajiado wanajikuta kwenye karandinga moja. Sheria haiwatazami kwa jicho moja. Kila mmoja ana mlango wake, na anayebisha mlango wa mwenzake hupoteza pesa, muda, na wakati mwingine hata uraia aliokuwa nao tayari.

Tuseme msimamo wetu mapema. Serikali ina haki ya kujua nani yuko nchini na anafanya nini, na kijana wa Ngarenaro anayetafuta kazi ana haki ya kuuliza kwa nini nafasi yake imechukuliwa na mtu asiye na kibali. Lakini tumeshaona namna mbili za kulishughulikia jambo hili ndani ya muda mfupi. Mwaka 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita. Watu kwa maelfu waliondolewa, na yakafuata malalamiko ya familia zilizotenganishwa na ya watu waliodai kuwa ni Watanzania. Mwaka 2014 Tanzania hiyohiyo ikawapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa kizazi cha wakimbizi wa 1972, waliokuwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kundi la pili leo linahesabika, linajulikana linakoishi na linalipa kodi kwa majina yake. Kenya nayo iliwatambua Wamakonde mwaka 2017 na Wapemba mwaka 2023, watu ambao wazee wao walitoka upande huu na kusini yake. Kumpa mtu hadhi ni udhibiti pia, na kwa maoni yetu ndio udhibiti unaodumu.

Mpaka mjadala huo umalizike, mtu anatakiwa achague leo.

Muhuri wa mpakani dhidi ya kibali

Wengi huanzia kwenye muhuri. Raia wa Afrika Mashariki anavuka bila viza, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaruhusu apewe ruhusa ya kukaa hadi miezi 6. Neno "hadi" ndilo linalowaumiza watu. Kinachokubana ni kile alichoandika afisa kwenye ukurasa wako, na si kile ulichosikia kijiweni. Fungua pasipoti pale dirishani kabla hujaondoka. Tazama tarehe ya kuingia, idadi ya siku na sababu ya safari. Wino ukiwa hafifu au tarehe haisomeki, rudi palepale ugongewe upya, kisha piga picha ukurasa huo na uitunze kwenye simu. Muhuri usiosomeka Namanga ni dakika mbili za kusubiri. Ukiwa mikononi mwa afisa mwingine Arusha mjini ni usiku wa mahabusu.

Jambo jingine dogo lenye gharama kubwa: kitambulisho cha taifa cha Kenya kinamvusha mtu kwenda Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haimo kwenye mpango huo. Njoo na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Aliyepita njia ya panya, hata kama ni mwana Afrika Mashariki kamili, hana cha kuonesha kwamba aliingia kihalali, na kila ombi atakaloandika baadaye litaanza na swali hilo.

Muhuri unamfaa anayekuja kuuguza ndugu, kuangalia soko au kukamilisha mazungumzo ya kazi. Haumfai anayefanya kazi. Kuvuka Holili kila ruhusa inapokaribia kuisha, kunywa chai Taveta na kurudi na muhuri mpya kunakufanya uwe nchini kihalali kama mgeni wa matembezi, huku darasani au jikoni ukiwa mfanyakazi haramu. Afisa anayepekua pasipoti yenye mihuri ya kufuatana anasoma hadithi nzima bila kukuuliza. Na mwajiri asipokulipa, huna pa kusimamia: kuna hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, zilizosema kwamba mkataba wa mgeni asiye na kibali cha kazi hauwezi kutekelezwa. Mwenye kibali anapeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi na siku 60 kwa madai mengine. Kwetu sisi, hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya muhuri na kibali. Waajiri wachache wanaijua vizuri mno, na ndiyo maana hawana haraka ya kukuombea kibali.

Kwa kibali, mambo ni mawili na ofisi ni mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Huanza cha kazi, hufuata cha ukaazi, na kimoja hakitoshi. Herufi za madaraja huwachanganya hata maafisa utumishi. Kibali cha kazi daraja B ni cha fani zilizotajwa, zikiwamo za tiba na ualimu wa sayansi na hisabati. Daraja C ni fani nyinginezo. Daraja D ni wa taasisi za dini na za misaada. Kwenye ukaazi, daraja A ni mwekezaji na anayejiajiri, B ni mwajiriwa, na C ni wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na kadhalika. Kwa hiyo mwalimu wa historia anaweza kuwa na C ya kazi na B ya ukaazi, na hakuna kosa hapo. Hao wanaojitolea nao wasijidanganye: kijana kutoka Ulaya anayelea watoto kwenye kituo cha yatima Moshi kwa viza ya utalii amevunja masharti sawasawa na mpishi asiye na kibali.

Mwombaji ni mwajiri, na faili lake linabeba mkataba, wasifu, vyeti vilivyothibitishwa, nakala ya pasipoti, usajili wa kampuni au shule, na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Mpango huo wengi huuandika kwa mistari mitatu ya kunakili. Andika jina la nafasi, nani atafundishwa, kwa muda gani na atapimwa vipi. Vyeti vya nje huhitaji ulinganisho: shahada kupitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vya sekondari kupitia NECTA (Baraza la Mitihani). Kinachokwamisha zaidi ya yote ni majina. Cheti kinasema Mary Wanjiku, pasipoti inasema Wanjiku Mary Kamau, mkataba umeandikwa M. W. Kamau. Malizeni hilo kwa hati ya kiapo kabla ya kuwasilisha, kwa sababu ombi likirudishwa, siku zako za muhuri zinaendelea kuhesabika.

Kwa raia wa Afrika Mashariki kuna kalenda ya Itifaki: mkataba ukizidi siku 90, ombi liwasilishwe ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka ina siku 30 za kutoa kibali cha awali cha hadi miaka 2. Hesabu hizo zitaje kwenye barua ya maombi, zina uzito. Kumbuka pia kwamba Tanzania haikufungua kila aina ya kazi chini ya Itifaki hiyo; orodha yake ni ya fani maalum, na kazi za mikono kwa kiasi kikubwa hazimo. Malipo yote yapite kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Kishoka anayetaka fedha mkononi nje ya geti la ofisi anaweza kukuletea kibali kizuri kwa macho ambacho mfumo haukitambui, na kuwa na hati ya kughushi ni kosa jingine, tena zito kuliko la kwanza.

Kuajiriwa au kujiajiri

Hapa hatuna maneno mengi, kwa kuwa tangu tarehe 28 Julai 2025 jibu limebadilika. Amri ya siku hiyo inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Zimo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni (isipokuwa za hotelini au za kitalii), kuongoza watalii, usafi wa nyumba na ofisi, udalali, kununua mazao shambani, na biashara ya jumla na rejareja ukiacha supamaketi. Ukitazama mitaa ya Arusha na Moshi, hizo ndizo kazi hasa wageni wa kipato kidogo walizokuwa wakishika. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza au kibali. Mtanzania anayemkopesha mgeni jina kwenye leseni naye ana faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kama bado hujaamua, tafuta ajira yenye kibali, usitafute fremu.

Ndoa: mke na mume hawako sawa

Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa tamko, kwa msingi wa ndoa yake, katika uhai wa mumewe. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo. Yeye anahitaji kibali chake, au tajnisi ya kawaida, yaani uraia wa kuomba: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya ombi, na kabla ya hapo jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya miaka 10, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Ukaazi wa kificho hauna hati ya kuuthibitisha, kwa hiyo miaka 15 ya kuishi Majengo bila kibali haimsogezi mtu mbele. Tunaiona tofauti hii ya mke na mume kuwa ni ubaguzi unaopaswa kuondolewa. Ipo lakini, na mume anayejipanga asijenge nyumba juu ya matumaini kwamba cheti cha ndoa kitamtosha.

Kuna mtego mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema waliokaa pamoja miaka 2 na kujulikana kama mume na mke hudhaniwa wameoana. Dhana hiyo husaidia mahakamani kwenye mali na matunzo, ila dirishani Uhamiaji wanataka cheti. Mama wa Taveta aliyelipiwa mahari Rombo na kuzaa watoto wanne afunge ndoa ya kusajiliwa: taarifa ya siku 21, kisha cheti, kisha ombi. Kabla ya kuchagua uraia apime pia kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akiwa na shamba au urithi anaoufuatilia Kenya, pasi ya mtegemezi kupitia mumewe inaweza kumfaa zaidi kwa sasa, ingawa haimpi ruhusa ya kufanya kazi.

Watoto wasisubiri mzazi amalize mambo yake. Tangazo la kizazi kutoka hospitali lichukuliwe, na mtoto asajiliwe ndani ya miezi 3. Cheti cha kuzaliwa hakithibitishi uraia peke yake, lakini mtoto asiyekuwa nacho atalipia kosa la wazazi mpaka utu uzima.

Hifadhi dhidi ya kurudi nyumbani

Anayekimbia mateso au vita anatakiwa ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie, kwa afisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani, kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania ni mwanachama, unakataza kumwadhibu kwa kuvuka bila hati mradi ametoka moja kwa moja hatarini na hakuchelewa kujieleza. Faida kubwa ya njia hii ni ulinzi wa kutorudishwa unakotoroka. Gharama yake ni uhuru wa kutembea: mkimbizi hukaa eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na hutoka kwa kibali.

Kwa hiyo Mrundi aliyepo Moshi ana uamuzi mgumu, kwani ni raia wa Afrika Mashariki na pia huenda ana sababu ya kuomba hifadhi. Kama hofu yake ni ya kweli, aombe hifadhi na asiende ubalozini kwake kuomba pasipoti mpya, maana kujiweka tena chini ya ulinzi wa serikali unayoikimbia kunavunja madai yako mwenyewe. Kama alikuja kwa riziki, ombi la hifadhi litamtoa Moshi na kumpeleka Kigoma, kisha pengine likataliwe. Njia ya kibali inamfaa zaidi.

Waethiopia wanaopitishwa Kilimanjaro na Tanga kuelekea Afrika Kusini ni habari nyingine. Wengi waliishia magerezani. Januari 2021 Rais Magufuli aliwasamehe zaidi ya 1,700 ili warudi kwao. Aliyesafirishwa kwa udanganyifu na kutumikishwa ni mwathirika chini ya sheria ya 2008 dhidi ya biashara ya binadamu, na aliseme hilo siku ya kwanza. Anayetaka kurudi kwa hiari anaweza kusaidiwa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Lile jengo la chuo cha Uhamiaji Moshi, ambako IOM ina kituo, ni la kufundishia maafisa, kwa hiyo msaada wa kurudi nyumbani hautolewi pale.

Uliyezaliwa hapa usiombe kibali

Hapa ndipo ushauri wa vijiweni unapoharibu maisha. Kijana wa Longido anakamatwa, anaulizwa kabila na kijiji cha mama, anaogopa, na mtu anamnong'oneza: "Saini kwamba ni Mkenya, utapewa pasi utoke." Akisaini, ameandika kwa mkono wake kwamba ni mgeni. Karatasi hiyo itamfuata NIDA kwenye vitambulisho vya taifa, kwenye pasipoti na kwenye kila ofisi.

Kesi ya Anudo Ochieng Anudo ndiyo ya kuijua. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake. Uraia wake ukatiliwa shaka na pasipoti yake ikashikiliwa. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo haikumtambua, akabaki katikati ya mipaka kule Sirari. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapahapa Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilimnyang'anya uraia kiholela, ikamfukuza kiholela, na ikamnyima haki ya kusikilizwa na mahakama. Ilisema pia kwamba mtu akishakuwa na hati za uraia, ni juu ya serikali kuthibitisha kuwa si raia.

Somo la vitendo ni kukusanya ushahidi kabla ya shaka: cheti cha kuzaliwa chako na cha mzazi, kadi ya kliniki, rejista ya shule ya msingi, cheti cha ubatizo, kadi ya zamani ya mpiga kura, barua ya mtendaji, na majina ya wazee wawili wanaoweza kuapa. Rejista ya darasa la kwanza ina nguvu isiyotarajiwa, kwa sababu iliandikwa wakati hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya.

Ukikamatwa, njia zote hukutana hapa

Katiba imegawa haki kwa maneno yake. Uhuru wa kwenda utakako, ibara ya 17, ni wa raia. Haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, kudhaniwa huna hatia na kutoteswa, ibara ya 13(6), ni ya kila mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa wafanyakazi wahamiaji ungeongeza mengi. Uganda na Rwanda wamo, Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo ulichonacho ni haki za utaratibu, na hizo husaidia anayezidai mapema. Kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Mkalimani kama lugha inakupiga chenga. Kusomewa unachosaini. Kujulishwa ubalozi wako, kama hukukimbia serikali hiyo. Omba dhamana, na omba msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017. Usitunge jina wala njia uliyoingilia.

Kuhusu mahakama za kimataifa, Arusha ina mbili na watu huzichanganya. Mahakama ya Afrika ilimsaidia Anudo, lakini tangu tarehe 22 Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kuifungulia Tanzania kesi mpya moja kwa moja pale, baada ya nchi kuondoa tamko lake. Mahakama ya Afrika Mashariki bado iko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, na haidai umalize kwanza mahakama za ndani. Mwaka 2013, katika shauri la Mukira Mohochi, wakili wa Kenya aliyezuiwa Entebbe, iliamua kwamba Uganda haikuwa na haki ya kumrudisha raia wa Afrika Mashariki bila kumpa sababu. Sharti lake ni muda: miezi 2 tangu kitendo kifanyike au ukijue, na haiongezwi. Anayesubiri kwanza majibu ya barua ya malalamiko aliyomwandikia Waziri hukuta miezi hiyo imeshapita, kwa hiyo barua kwa Waziri na hati ya madai viandaliwe katika wiki ileile.